Utafikia wapi ukija Tucson? Maswali ninayoulizwa kila msimu

Kila ikifika Desemba simu yangu haitulii. Kuna wa Arusha na Nairobi wanaokuja kwenye maonyesho ya vito, kuna wazazi wenye watoto chuoni, kuna ndugu wa familia za Kongo na Burundi zilizopewa makazi huku Arizona, Marekani, na wote swali lao ni lilelile, nifikie wapi. Sasa nimeona niandike yote sehemu moja. Na kabla sijaendelea, mji unaandikwa Tucson ila unatamkwa Tuson, hiyo c iache, dereva wa teksi akuelewe.

Kuna kitu nitakirudia mpaka mnichoke: huu ni mji wa jangwani, na jangwani hoteli huchagui kwa nyota zake, unachagua kwa mambo mawili, unakuja mwezi gani na utakuwa na gari au hutakuwa nalo. Ukiniambia hayo mawili nakujibu ndani ya dakika moja.

Kwani mji ni mkubwa? Si nachukua hoteli yoyote ya bei nafuu halafu natembea tu?

Usifanye hivyo nakuomba. Tucson ina watu zaidi ya nusu milioni lakini haikupanda juu kwa maghorofa, imejitandaza chini kama mkeka. Barabara kubwa, Speedway, Broadway, Grant, zimenyooka na zimepishana maili moja moja, yaani kilomita moja na nusu hivi kutoka moja hadi nyingine, na hakuna haiwei inayokata katikati ya mji, ile I-10 inapita pembeni upande wa magharibi. Kwa hiyo kutoka hoteli za milimani kaskazini hadi katikati ya mji ni dakika 25 mpaka 30 za gari, taa baada ya taa.

Mjomba wangu alikuja mwezi wa 6, akajichagulia mwenyewe moteli upande wa uwanja wa ndege kwa sababu ilikuwa rahisi. Mchana akaona kwenye ramani kuna mgahawa kilomita mbili, akasema hapo ni pua na mdomo, nyumbani anatembea zaidi ya hapo. Akatoka saa 7 mchana. Njiani hakuna mti, hakuna duka, hakuna mtu wa kumuuliza, ni magari tu yanapita na ukuta mrefu wa zege. Nilipomfuata alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nguzo ya bango, kile kivuli chembamba kama rula, midomo imepasuka na shati limekauka kabisa, maana huku jasho halikai mwilini, hewa inalinyonya hapohapo na ndo maana mtu hajui kwamba anaishiwa maji. Ramani inakuonyesha umbali, haikuonyeshi kivuli.

Sina gari na sina mpango wa kukodi. Nifikie wapi?

Fikia kwenye njia ya Sun Link, basi, wala usihangaike na kwingine. Sun Link ni treni ndogo ya umeme ya mjini, ilianza 2014, njia yake ni kilomita 6 na kidogo, inaanzia karibu na hospitali ya chuo, inapita Chuo Kikuu cha Arizona, inashuka University Boulevard penye migahawa ya wanafunzi, inaingia Fourth Avenue penye maduka madogo madogo, halafu katikati ya mji na mwisho wake ni Mercado upande wa pili wa I-10. Ukilala popote ambapo kituo ni dakika tano kwa mguu umemaliza shida zako nyingi. Tangu 2020 nauli ya treni hiyo na mabasi ya Sun Tran ilifutwa, ila suala la kuirudisha limekuwa likijadiliwa, kwa hiyo uliza ukifika.

Kwenye njia hiyo una sehemu mbili za kuchagua. Karibu na chuo pametulia zaidi na asubuhi unapata chai mlangoni, ila bei inapanda wiki za mahafali mwezi wa 5, wanafunzi wanapohamia mwezi wa 8, na wikendi za mpira wa Kimarekani. Katikati ya mji pamechangamka zaidi, lakini ujue kuna reli ya mizigo inayopita hapohapo na treni zinapiga honi mpaka usiku wa manane, mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha upande wa pili.

Hapo katikati kuna Hotel Congress, wengi mnaipenda kwa jina na kwa historia. Ilijengwa 1919. Januari 1934 ghorofa ya juu iliungua, na kwenye moto ule ndo wakagundulika majambazi wa kundi la John Dillinger, yule mwizi maarufu wa mabenki, waliokuwa wamejificha humo kwa majina ya uongo, siku chache baadaye yeye mwenyewe akakamatwa hapa mjini. Ni hoteli nzuri ya kizamani, lakini chini kuna muziki na watu wanacheza hadi usiku sana. Kijana anayekuja kufurahi, sawa. Mama yako wa miaka 65 aliyetoka kwenye ndege saa thelathini, hapana, mpeleke kwingine.

Mwezi gani ni mzuri na bei zikoje?

Bei huku zinafuata jua. Januari mpaka Aprili ndo msimu wa wageni, Wamarekani wa kaskazini wanakimbia theluji wanakuja kwetu, mchana ni nyuzi 19 au 20 na kuendelea, bei iko juu. Mei jua linaanza kuuma. Juni ni kali, 38, 40, na mwaka 1990 iliwahi kufika 47. Bei za hoteli kubwa zinashuka sana kipindi hicho, wakati mwingine unapata nusu ya bei ya Machi. Oktoba na Novemba kwangu mimi ndo miezi bora kuliko yote, joto limepungua na wageni hawajajaa.

Watu wa kwetu mnakosea sana kwenye baridi. Mnasikia jangwa mnabeba shati za mikono mifupi tupu. Tucson iko mita 730 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu, jua likizama joto linaondoka nalo, usiku wa Januari ni nyuzi 4 hivi na kuna siku maji yanaganda. Ukikodi nyumba miezi hiyo uliza kama ina hita, usifikirie AC tu. Na taarifa zao za hewa ziko kwa Fahrenheit, ukisikia 100 ni kama 38 ya kwetu.

Tangazo la nyumba limeandikwa ina "cooling". Hiyo si ndo AC?

Swali hili mniulize wote hata kama hamkuwa na mpango. Sio lazima iwe AC. Nyumba nyingi za zamani Tucson zina mashine inaitwa swamp cooler au evaporative cooler, ni sanduku kubwa juu ya paa, ndani kuna pedi zinazolowanishwa maji na feni inavuta hewa ya nje ipite kwenye zile pedi. Ni kama mtungi wa udongo unavyopoza maji, kanuni ni ileile. Mwezi wa 5 na wa 6 hewa ikiwa kavu inafanya kazi vizuri na umeme ni kidogo. Mvua za Julai zikianza, hewa tayari ina unyevu, basi ile mashine inakupulizia upepo wa bafuni.

Mama yangu nilimuweka kwenye nyumba ya kukodi ya hivyo mwezi wa 7, niliona picha nzuri, jiko zuri, ua una mti wa mlimao, mwenye nyumba kwenye tangazo kaandika "cool all summer". Usiku wa pili mama kanipigia saa 8, shuka zimelowa, mito ina harufu ya tope, yeye kakaa kwenye kigae cha jikoni amejimwagia maji. Nilimhamisha usiku uleule na hela hatukurudishiwa. Tangu siku hiyo simwekei mtu nyumba kabla sijamuandikia mwenyewe mwenye nyumba swali moja lililonyooka, je ina refrigerated AC, yaani AC yenyewe na sio ya pedi za maji, kwenye kila chumba cha kulala, ndiyo au hapana. Asipojibu ndiyo, tafuta nyingine.

Nakuja kwenye maonyesho ya vito. Nifikie wapi na ni-book lini?

Hapa nakaa kidogo maana ndugu zetu wengi wanaokuja Tucson wanakuja kwa hili. Maonyesho haya yalianza 1955 na siku hizi sio ukumbi mmoja, ni kumbi na mahema kadhaa yaliyotapakaa mji mzima kuanzia mwishoni mwa Januari mpaka katikati ya Februari. Tanzanite ya Mererani, tsavorite ya Kenya na Tanzania, rubi ya Longido, yote utayakuta mezani huku, na utasikia Kiswahili kinaongelewa koridoni bila wasiwasi.

Kwanza booking. Weka miezi sita kabla, na kama unataka karibu na Tucson Convention Center, ukumbi mkubwa wa mikutano katikati ya mji, weka hata mwaka mzima kabla. Wauzaji wanaokuja kila mwaka wanapoondoka Februari wanakuwa tayari wameshashika chumba cha Februari ijayo. Ukisubiri mpaka viza itoke ndo utafute chumba utakuta kilichobaki kina bei mara mbili mara tatu, kwa hiyo chukua kile cha kughairi bila kukatwa, halafu viza ikigoma unaghairi.

Pili, jua unaenda onyesho gani kabla hujachagua upande. Onyesho la AGTA, chama cha wafanyabiashara wa vito Marekani, linakuwa ndani ya Convention Center na lile la GJX liko kwenye hema kubwa ng'ambo ya barabara, hao ni wa vito vilivyokatwa, wa jumla, na kuingia wanataka karatasi za biashara. Wa mawe ghafi na madini ya kukusanya wako zaidi kwenye hoteli na viwanja vya pembeni mwa I-10. Ndiyo, kwenye hoteli zenyewe: kuna hoteli ambazo vyumba vinageuka maduka, kitanda kinasogezwa au kinatolewa kabisa, meza zinaingia, mlango unaachwa wazi, unatembea koridoni chumba hadi chumba. Ni sehemu nzuri ya kufanya biashara ila kwa mtu anayetaka kulala mapema ni fujo.

Tatu, mzigo. Ndugu yangu ukiwa na mawe usilale mbali ukawa unazunguka nayo kwenye Uber asubuhi na jioni. Afadhali ulipe zaidi ulale unapoweza kurudi kwa mguu mchana, na tumia sefu ya maonyesho, ile ndogo ya kabatini chumbani sio ya kuweka mtaji wa familia. Wawili watatu mkichangia chumba karibu na Convention Center mnatumia karibu sawa na yule aliyelala Marana, mji wa pembeni, peke yake akalipa teksi kila siku. Maegesho kipindi hicho ni vita, hata mwenye gari analiacha hotelini.

Zile risoti za milimani zinafaa kwa familia?

Ukiwa na gari, zinafaa sana, hasa kiangazi bei zikianguka. Upande huo unaitwa Catalina Foothills, chini kabisa ya milima ya Santa Catalina, na Sabino Canyon, korongo la kutembelea, ni jirani. Watoto wanashinda kwenye bwawa, wewe jioni unaona sungura na wanyama wa huku wanaofanana na ngiri wadogo, javelina, wanakatiza bustanini. Ukitaka baridi ya kweli unapanda Mount Lemmon, karibu mita 2,800, unaacha kaktasi za saguaro, ile mimea mirefu ya miiba, chini na baada ya saa moja na kitu uko kwenye misonobari unavaa sweta.

Ila angalia ada. Kuna kitu kinaitwa resort fee, kinaongezwa kila usiku juu ya bei ya chumba hata usipogusa bwawa. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inawataka waonyeshe ada hizo za lazima kwenye bei ya mwanzo kabisa, lakini kodi bado inaweza kuja mwisho, kwa hiyo soma jumla ya mwisho kabla hujabonyeza kulipa.

Nakuja wiki sita kumsaidia binti yangu aliyejifungua. Hoteli au nyumba?

Nyumba au hoteli yenye jiko, bila kufikiria mara mbili. Uji wa mzazi hauagizwi kwa apu. Na kwa kuwa mji umejaa chakula cha Kimeksiko, vitu vya kupikia vipo vingi, nyama ya mbuzi inapatikana kwenye bucha zao, maharage ya kila rangi, pilipili, ndimu, mihogo. Unga ndo muwe makini, ukiona pakiti imeandikwa masa usichukue kwa ajili ya ugali, ule mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa, ni wa tortila, chapati za Kimeksiko, ukiusonga unapata kitu kinachonata chenye ladha nyingine kabisa. Tafuta uliosagwa bila chokaa, mweupe, au nenda maduka ya Waafrika na supamaketi za kimataifa. Zile tortila kubwa za ngano za Sonora, jimbo la Meksiko lililo jirani, lakini mama lazima aonje, nyembamba unaona mkono kwa upande wa pili, atakuambia ni chapati iliyokosa mafuta na atamaliza tatu.

Chagua upande wa nyumba ya binti, sio upande wa vivutio. Kama yeye yuko mashariki usikubali nyumba nzuri ya magharibi, mtaishia kuonana mara mbili kwa wiki.

Msikiti? Halali?

Islamic Center ya Tucson iko karibu kabisa na chuo, unatembea, ni sababu nyingine ya kufikia upande ule. Mwezi wa Ramadhani inajaa. Hotidogi ya Sonora inayosifiwa na kila mtu inafungwa na nyama ya nguruwe, msije mkala bila kujua.

Nge na nyoka je? Naogopa.

Nge wapo, hasa nyumba za chini zilizo karibu na mawe na makorongo. Kung'uta viatu asubuhi, usiache taulo sakafuni, usiku usitembee peku. Ukinunua tochi ya mwanga wa zambarau unawaona wanang'aa kijani, watoto wanapenda zoezi hilo kupita kiasi. Nyoka wanaotikisa mkia wapo kwenye njia za milimani, hotelini katikati ya mji sahau. Aliye na hofu sana achukue chumba cha ghorofani mjini.

Jangwani si hakuna mvua? Kwa nini unataja makorongo?

Ipo, na inakuja kwa hasira. Mvua za Julai na Agosti wanaziita monsoon, neno lenyewe ni ndugu wa neno letu msimu, yote mawili asili yake ni Kiarabu. Asubuhi mbingu ni safi, saa 10 jioni wingu jeusi linasimama juu ya mlima, kisha upepo wa vumbi, kisha maji. Makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu yanajaa ndani ya dakika chache, na barabara nyingi hazina daraja, zinashuka moja kwa moja kwenye korongo. Arizona wana sheria, ukipita kizuizi ukakwama kwenye maji gharama za kukuokoa unaweza kudaiwa wewe. Kwa hiyo ukikodi nyumba ya pembeni kipindi hicho, angalia kama njia ya kuingilia inakatiza korongo, maana unaweza kushindwa kutoka au kurudi mpaka maji yapungue, na mwenye ndege ya jioni hilo ni tatizo.

Moteli za bei ya chini ziko salama?

Nyingine ndiyo nyingine hapana, na hata barabara moja zinatofautiana. Upande wa Miracle Mile na Oracle kuna moteli za zamani zenye taa za neoni nzuri sana, baadhi zimekarabatiwa, baadhi ni za watu wanaolipa kwa wiki kwa sababu maisha yamewabana. Soma walioandika miezi mitatu ya karibuni, sio nyota za jumla. Mchana kapite uone.

Kadi gani nije nayo?

Hoteli nyingi zinashikilia hela kwenye kadi ukiingia, dola mia au zaidi, wanaachia ukiondoka. Kwa kadi ya debiti ile hela inaweza kukaa wiki nzima haionekani, ilinitokea mimi na mgeni wangu tukabaki tunahesabu sarafu za chakula. Kama una kadi ya krediti itumie hapo. Jina kwenye kadi, booking na pasipoti vifanane.

Nikilala Phoenix nikawa nakuja Tucson kila siku?

Ni kilomita 180 hivi, karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na Phoenix ina joto zaidi yetu. Kushukia uwanja wa Phoenix sawa, tiketi mara nyingi ni nafuu na kuna basi dogo mpaka Tucson, lakini kulala lala huku.

Saa zikoje, nitawapigiaje nyumbani?

Arizona hawasogezi saa, mwaka mzima tuko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10. Saa 2 usiku huku, nyumbani ni saa 12 asubuhi ya kesho yake.

Nikishafika kaunta niombe chumba gani?

Usiombe cha magharibi. Jua la mchana linapiga ukuta ule kuanzia saa 8 mpaka linazama, kioo kinakuwa cha moto kukigusa na AC inaunguruma usiku kucha bila kukipoza. Omba kinachotazama kaskazini, ghorofa ya pili kwenda juu. Hakina jua, na milima ya Catalina inakuwa mbele yako, jioni ile saa moja hivi miamba inageuka rangi ya embe dodo kisha pinki kisha zambarau, kama dakika kumi tu, mama alikuwa anavuta kiti mapema anakaa anaisubiri.